Mpaka Uliopandwa Bila Mimi

Siku yangu ya kwanza kuandikwa kazi, Msimamizi wa Shamba aliniuliza, "Unajua kufanya nini?"

Nikamwambia, "Kulima."

Alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Kulima si kazi! Kulima hata nguruwe mwitu analima. Nakuuliza kazi!"

Hilo lilikuwa shamba kubwa nje ya mji wa Kitale, la mahindi, mpaka jicho lichoke. Mzungu mwenye shamba alikuwa ameenda kwao na shamba likachukuliwa na mkubwa mmoja wa serikali ambaye sisi hatukumwona hata kivuli. Mimi darasa niliacha nikiwa bado sijui kugawanya, kwa hivyo msinitafutie makosa ya kuandika, mtayapata mengi tu. Nilipewa kazi ya kukaa nyuma ya trekta. Trekta ikivuta haro, ile chuma ya sahani za duara inayovunjavunja madongoa baada ya plau kupita, mimi nakaa juu ya haro niwe uzito. Ndiyo kazi yangu ya kwanza hiyo: kuwa uzito. Jioni nilikuwa mweupe kwa vumbi kama mtu aliyefufuka.

Lakini wacha niseme ukweli, ile shamba ilikuwa na utu wake. Mvua ya Machi ikikaribia, hata Msimamizi, na alikuwa mtu wa matusi, alikuwa anaangalia mlima Elgon kama sisi, anangoja kama sisi. Hakuna mtu anaweza kuiambia mvua iharakishe. Tulipanda, tukapalilia, tukatia mbolea ya juu mahindi yakifika magoti, na yakikauka tukakata mabua na kuyasimamisha mafungu mafungu yapigwe na upepo. Mtu akifiwa, aliondoka. Hakuomba ruhusa, alisema tu, "Nimefiwa," na laini yake ya palizi ikapaliliwa na wenzake. Mkubwa wa serikali alipokosana na wakubwa wenzake, shamba likapewa mkubwa mwingine. Sisi tulisikia kwa redio ya dereva. Mahindi hayakusikia. Yaliota vilevile.

Kumbuka hilo, kwa sababu mambo ya kiwanda hayako hivyo hata kidogo.

Papa, yaani baba yangu mzazi, kwetu Wabukusu tunamwita papa, alikuwa amepata kipande chake upande huo huo wa Kitale, mbele ya Matisi, wakati mashamba ya Wazungu yalipokatwa yakapewa watu. Matisi yenyewe haikuwa hii ya maploti na vibanda vya kuchaji simu. Ilikuwa nyasi na ng'ombe. Papa alikuwa na wavulana wawili tu waliobaki hai: mimi Wekesa, nilizaliwa watu wakivuna, na mdogo wangu Simiyu, yeye alizaliwa kiangazi, na ndiyo maana ya jina lake. Kwetu hata kuzaliwa kunahesabiwa kwa shamba. Papa alikuwa akisema, "Nikikata hii shamba, itakatwa mara mbili tu. Nyinyi mna bahati."

Bahati! Haya.

Kilichonitoa shambani ni khocha wangu, ndugu wa mama. Khocha alikuwa mtu wa kubeba chai na barua katika ofisi za kiwanda cha mafuta ya alizeti kule Bungoma. Usitafute jina la kiwanda, halisaidii mtu sasa. Alikuja Krismasi amevaa koti lenye mabega, akamwambia papa mbele ya watu, "Shemeji, huyu kijana unamwozesha jembe. Huko kwetu watu wanakula mwisho wa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe."

Papa akamjibu, "Na mwezi ukiisha na kiwanda kimeisha?"

Watu wakacheka. Nani alijua kiwanda kinaweza kuisha? Kilikuwa na bomba la moshi refu kuliko mnara wa kanisa.

Nilienda. Nilianzia uwanja wa mizigo, kushusha magunia ya alizeti kutoka Cheptais, kutoka Moi's Bridge, kutoka kila mahali wakulima walipoambiwa kuwa ua linauzwa. Ile mbegu ya Cheptais ilikuwa inafika safi, nyeusi, unaweza kujiona ndani yake. Ya mahali pengine sisemi, nisigombane na watu nikiwa mzee, lakini ilikuwa nusu mawe. Mbegu inakobolewa maganda, inapikwa kwa mvuke, inaingia kwa presi inakamuliwa kama mtu anayekamua nguo. Mafuta upande huu, mashudu upande ule, na mashudu ni yale makapi mnapea ng'ombe. Na hayo maganda hayatupwi. Ndiyo kuni za boila.

Boila ndiyo nilienda kuishi nayo. Ni pipa la chuma kubwa kama nyumba ya vyumba viwili, limelala ubavu, moto ndani ya matumbo yake na maji yamezunguka moto. Maji yanakuwa mvuke na mvuke ndiyo unaendesha kila kitu. Mbele kuna kioo kirefu chembamba kinachoonyesha maji yako wapi. Maji yakishuka chini ya alama na moto unawaka, chuma kinakuwa chekundu; halafu mtu asiyejua akifungulia maji baridi kwa haraka, hiyo nyumba yote inapaa. Mimi nilionyeshwa picha ya mahali ilipopaa. Sitaki kueleza.

Aliyenifundisha ni Injinia Mkuu wetu wa kwanza, mtu mfupi, mkali, aliyekunywa chai bila sukari kama adhabu. Siku aliponitoa kuzoa majivu akaniweka mbele ya kioo, alinishika shingo hivi, kama unavyoshika kuku, akaniinamisha.

"Unaona nini?"

"Maji, Bwana Injinia."

"Hapana. Unaona watu wote walio humu ndani. Ukiangalia kando, umewaangalia kando wote. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Unatoka wapi?"

"Kitale. Shambani."

"Sahau shamba. Shamba linakungoja. Hii haikungoji."

Niliwekwa na mwenzangu, jina lake Otieno, mtu wa ziwani huko, mwenye mdomo. Tulifundishwa pamoja, tukafanyiwa mtihani na mkaguzi wa serikali pamoja, tukapita. Sheria ilikuwa moja: mchoma boila haondoki mpaka anayempokea afike, aangalie kioo, aseme kwa sauti, "Maji nimeona." Asiposema, wewe hutoki, hata kama mkeo anajifungua. Otieno alikuwa ananichekesha. Anafika, anaangalia kioo kwa jicho moja, ananyamaza makusudi.

"Sema bana, Otieno, nimechoka."

"Kwanza niambie, nyinyi Wabukusu kwa nini mnaita boila 'boira'?"

"Otieno!"

"Maji nimeona. Nenda ukarare kwenu," akasema, akiiga ulimi wangu.

Nilimpenda huyo mtu. Tulikaa nyumba za kupanga ukuta mmoja, mimi na Nanjala, mke wangu, yeye na wake. Na hapo ndipo nilianza kuona tofauti, ingawa sikuwa na maneno yake wakati huo. Kwetu shambani mtu hana badala, lakini kazi ina badala. Harusi, matanga, kugawa, kutahiri, lazima uwe wewe mwenyewe, mguu wako uonekane. Lakini palizi yako jirani anaweza kupalilia. Kiwandani ni kinyume. Mtu anabadilishwa kama balbu, hakuna anayeuliza baba yako ni nani, na hiyo mwanzoni ilikuwa tamu, nisidanganye. Mimi na Otieno tulikuwa sawa, mtoto wa chifu na mtoto wa mtu tulikuwa sawa. Lakini kazi yenyewe ndiyo haina badala. Moto haungoji matanga.

Kila mwaka wakati wa kupanda nilikuwa natuma mbolea Kitale. Simiyu anapanda, papa anasimamia. Nikienda nyumbani likizo nakuta mahindi yamesimama, napita katikati yake na viatu vyangu vya kiwanda, najiona mwenye mali. Simiyu ananiambia, "Karibu mgeni." Sisi tunacheka. Ni kicheko nilichopaswa kukisikiliza vizuri.

Meneja Mkuu wa kwanza alikuwa mtu wa kiwanda. Alijua jina la presi kuliko jina la waziri. Halafu siasa ikabadilika. Vyama vikawa vingi, watu wakaanza kuonyeshana vidole viwili barabarani, na kila mtu akaulizwa ni wa upande gani. Kiwanda kilikuwa nusu cha serikali, kwa hivyo kikaulizwa pia. Meneja wetu hakujibu vizuri. Tukaona gari lake limebeba magodoro na mbuzi mmoja, likaondoka.

Akaja Meneja Mkuu wa Pili. Huyo alikuwa amezungusha kampeni za mtu, sasa analipwa shukrani. Siku ya kwanza alitukusanya uwanjani, akasimama juu ya mizani ya kupimia lori, hata hakujua ni mizani.

"Mimi sikuja kukaa na watu wa mapinduzi," alisema. "Mtu ambaye hakutuunga mkono aanze kufunga virago. Kiwanda ni cha wananchi!"

Otieno akaninong'oneza, "Sisi ni wa nani, basi?"

Kabla ya mwezi kuisha, Otieno alikuwa amefutwa. Kosa lake ni jina lake, hakuna lingine. Injinia Mkuu alipinga, akaambiwa aangalie mashine zake. Mahali pa Otieno akaletwa binamu wa Meneja, kijana mnene wa kuendesha teksi, mwenye adabu kweli, sikatai. Lakini nilimkuta amepaka kioo cha maji rangi ya njano "ili kipendeze." Nilikikwangua kwa wembe. Tangu hapo zamu zake nilikuwa nalala pale pale kando ya boila, ili aniamshe.

Hebu linganisha. Lile shamba la Kitale lilibadilisha mkubwa na mahindi hayakujua. Huku, mkubwa akibadilika, kesho yake boila linajua. Shamba ni la udongo, na udongo una subira ya mpumbavu. Ukikosea mwaka huu unakufa njaa kidogo, mwaka ujao unarudi. Kiwanda kimeundwa na watu kujua vitu, mmoja anajua hiki, mwingine kile, wameshikana kama mnyororo. Mwanasiasa akitoa kipete kimoja ampe binamu wake, mnyororo wote uko chini. Na wanasiasa wetu wote ni watoto wa shamba. Wanadhani kiwanda nacho ni ng'ombe: hata ukimpa mtu mwingine kamba, maziwa yatatoka tu.

Sasa nifike mahali panapouma.

Papa aliugua kifua. Akajua anakwenda. Akatuma mtu Bungoma kuniambia, mvua ikianguka anakata shamba, nije nipande mpaka wangu.

Vijana wa siku hizi mnapimiwa na mtu wa serikali na miguu yake mitatu ya chuma. Kwetu baba anatembea. Anatembea mbele, watoto wa kiume nyuma, wazee wa mtaa kando, na pale anaposimama anasema, "Hapa." Basi yule mwenye sehemu anachimba na anapanda miche ya lusiola, ule mti wa maua ya njano ulio kwa mipaka ya watu wengi huku, unaota haraka na hauvamii mahindi. Anapanda kwa mkono wake. Mkono wake, nasema. Wazee wanaangalia mkono. Hata kama baadaye watu watakosana miaka mia, wataulizwa, "Hii lusiola ilipandwa na nani?" na jibu likipatikana kesi imeisha. Hati ya shamba letu ina jina la papa mpaka leo, kama hati za nusu ya watu hapa. Kilichokata ni miti.

Nilienda kwa Injinia Mkuu. Nilivua kofia.

"Bwana Injinia, baba ananikatia shamba."

Aliweka kikombe chini. "Lini?"

"Mvua ikianguka. Wiki hii hii."

"Na tuna mbegu mpaka juu ya paa, na presi zote zinaendeshwa. Nani ataangalia maji?"

Tulikuwa tunamwangalia wote wawili, yule binamu, pale nje, anapangusa baiskeli yake.

"Otieno angekuwepo ningekupa siku, uende ukazimalize zote," akasema Injinia. "Sasa nikupe nini, Wekesa? Nizime? Nikizima Meneja atasema nimehujumu. Nikimwachia yule, nimeua watu. Niambie wewe."

"Baba yangu ni mmoja, Bwana Injinia."

"Najua. Lakini boila haina baba."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningeondoka. Alisema kama mtu aliyechoka, na akarudi kwenye chai yake isiyo na sukari. Nikabaki. Watu wamenishauri hadi leo, ati ningetoroka usiku, ningesema naumwa. Wao hawajawahi kusimama mbele ya kile kioo. Uwanjani kulikuwa na akina mama wanapepeta mbegu, wamefunga watoto mgongoni. Ningeenda kupanda miti na akili yangu iko kwa matumbo ya boila.

Nikamtuma Nanjala. Nilimwambia, "Nenda usimame mahali pangu. Upande ile miti."

Alipofika, wazee walimpa kiti na chai, wakamheshimu sana, wakamwambia mwanamke hapandi mpaka. Mvua inanyesha, papa amefunikwa blanketi, hawezi kungoja siku nyingine. Ndipo Simiyu akasema, na Nanjala alisikia kwa masikio yake, "Mnasumbuka nini? Nitampandia ndugu yangu. Mkono wangu na wake si mmoja?"

Papa akatikisa kichwa. Nanjala anasema alitikisa kukubali. Wazee wengine baadaye walisema alikuwa anakohoa.

Simiyu akapanda. Yake akapanda, na yangu akapanda. Papa tulimzika kabla miche haijatoa jani jipya. Safari hiyo nilifika, kwa sababu presi mbili zilikuwa zimevunjika na hakukuwa na mahali pa kupeleka mvuke. Nilitembea kwenye ile laini ya lusiola, nikaona imepandwa vizuri, imenyooka, nikamshukuru ndugu yangu. Nikamwambia, "Umefanya kazi safi." Akaniambia, "Wewe rudi tu kazini, mimi niko."

Kiwanda hakikufa siku moja. Injinia Mkuu alihamishwa kwa hasira, wakulima wa alizeti wakaacha kuleta kwa sababu walikuwa wanazungushwa pesa zao, Meneja naye akaondoka serikali nyingine ilipoingia, akaja wa tatu ambaye tulimwona kwenye gazeti tu. Asubuhi moja tulikuta kufuli kwenye geti, na mlinzi ambaye jana tulicheza naye drafti anajifanya hatujui. Watu walisimama pale, hawakupiga kelele. Walikuwa wanangoja kuambiwa waende. Ndipo nikaelewa tumekuwa watu wa namna gani. Mkulima mvua ikimnyima anaanza kufikiria mtama, viazi, kwenda kwa shemeji. Sisi tulisimama kwenye geti.

Na zile nyumba zetu za kupanga! Watu tuliopeana chumvi na moto, ndani ya msimu mmoja kila mtu ameenda kwao, wengine Homa Bay, wengine Kakamega. Otieno nilisikia alikufa. Hakuna mtu alijua kwamba mimi ni wa kuambiwa, kwa sababu kwa ukoo wake mimi si mtu, na kiwanda ambacho kilinifanya niwe mtu wake hakipo. Nilijua mwaka mmoja baadaye kwa mwuza samaki sokoni. Shambani mtu unayemchukia utamzika. Kiwandani mtu unayempenda hujui kaburi lake.

Mimi niliajiriwa tena hapo hapo, kulinda. Niliangalia mabati yakiota kutu. Mwanzoni nilikuwa naingia, nafungua milango ya boila ikauke vizuri, napaka grisi valvu. Nilidhani watarudi. Walirudi. Walikuja na lori na mitungi ya gesi ya kukata chuma na barua yenye mihuri, na wakaikata boila mbele yangu kama watu wanaochuna ng'ombe. Ilichukua siku nyingi, ile chuma haikuwa mchezo. Ikapakiwa vipande vipande ikaenda kuyeyushwa. Mmoja wao akanipa kile kishikilio cha shaba cha kioo cha maji, ati zawadi. Nilimrudishia. Ningekitazama nimwone nani?

Basi nikarudi nyumbani. Simiyu alinipokea na kuku. Tulikula, tukaomba, halafu nikasema nataka kujenga na kulima upande wangu.

"Upande gani?" akauliza.

Nilidhani ni utani. Nikaonyesha lusiola. Zilikuwa ndefu, zina maua.

"Hizo nilipanda mimi," akasema Simiyu. "Za huku nilipanda mimi, na za huko nilipanda mimi."

Tulienda kwa wazee, na Naibu Chifu akakaa nao. Waliobaki wakati ule walikuwa wawili tu walioona papa akitembea, na mmoja masikio yamekwisha. Nikasema nilituma mbolea miaka yote. Mzee mmoja akanijibu bila ubaya, "Mbolea ni kitu unatuma kwa ndugu, mwanangu. Haisemi shamba ni la nani." Nanjala akasimama akasema aliyosikia siku ile, "Mkono wangu na wake si mmoja?" Simiyu akakubali! Hakukana. Akasema, "Ndiyo, nilisema. Mkono ni mmoja. Huo mkono umelima hapa tangu papa alale. Yeye alikuwa wapi? Udongo huu haujui mguu wake. Mgeni tunampa chakula, hatumpi jembe."

Naibu Chifu akauliza, "Wekesa, kitu gani kilikuzuia kuja kupanda?"

Nikasema, "Kioo cha maji."

Wakaangaliana. Nilieleza, nikaeleza tena. Mnaweza kueleza boila kwa watu ambao hawajawahi kuona boila? Mzee asiyesikia vizuri akauliza mwenzake, "Anasema alikuwa anachota maji?" Watu wakacheka, na kile kicheko ndicho kilitoa hukumu. Lusiola ni za aliyezipanda. Naombwa nikae na ndugu yangu kwa amani.

Tumepanga Matisi tangu hapo, chumba na jiko. Simiyu tunaonana kwa matanga.

Halafu mwaka huu, watu wakianza kuvaa kofia za rangi za vyama, mgombea mmoja alikuja kwenye mazishi upande wa kwa Simiyu. Alichukua kipaza sauti kabla maiti haijateremshwa. Akasema kiwanda cha alizeti kinafufuliwa. Tayari ukuta unapakwa rangi, wanaopita Bungoma waende waone. Na vijana watakaoandikwa kwanza ni wale wataletwa na wafanyakazi wa zamani, kwa sababu serikali yake inaheshimu wazee. Watu walipiga makofi, marehemu akisubiri.

Siku ya tatu Simiyu alikuja Matisi. Hajawahi kukanyaga mlango wetu. Amekuja na kijana wake Barasa, amemaliza chuo cha ufundi, amenyoa vizuri, mikono ni laini. Nanjala akaweka chai. Simiyu aliongea habari ya ng'ombe mpaka chai ikapoa, halafu akasema:

"Ndugu yangu mkubwa. Huyu ni mtoto wako. Mpeleke kwa watu wako kule kiwandani, useme ni wako. Hataki shamba. Nimemwambia, nimemtukana, hataki."

"Papa mkubwa, shamba siku hizi ni hasara," akasema Barasa. "Mbolea juu, mahindi chini. Afadhali mtu awe na kitu kila mwezi."

Nilisikia khocha wangu akiongea kwa mdomo wa huyo kijana.

"Na mimi," akasema Simiyu, anaangalia kikombe, "ule upande ulikuwa unasema... tutaita wazee. Utachimba mwenyewe. Nitang'oa zangu, upande zako. Naapa kwa papa."

Nanjala aliacha kupangusa meza. Hakuniangalia, lakini niliona mgongo wake umesimama.

Ningesema neno moja tu. Ningempeleka kijana mpaka kwa ule ukuta uliopakwa rangi, wamwandike jina, na mimi niwe nimechimba mashimo yangu kabla ya mtu kujua. Nilifungua mdomo.

"Simiyu, hakuna boila."

"Nini?"

"Ilikatwa. Niliona. Ile ni nyumba tupu imepakwa rangi. Bila boila hakuna mvuke, bila mvuke hata presi mpya hazipiki mbegu. Wataandika majina mpaka kura zipigwe. Usimpeleke mtoto kusimama kwenye geti. Mimi nimesimama hapo."

Barasa akasema, "Lakini watanunua mpya, Papa mkubwa. Serikali haiwezi kukosa."

"Nani ataichoma? Aliyejua kuichoma ni mimi na Otieno."

Simiyu alisimama. "Nimekuletea shamba kwa mkono wangu, na bado unanilipiza kwa mtoto. Una roho mbaya, Wekesa. Wazee waliona mbali." Akamshika Barasa mkono kama mtoto mdogo, wakatoka. Chai yake alikuwa hajaigusa.

Kijana alienda Bungoma hata hivyo. Naambiwa anasimama pale na wenzake asubuhi, na huwa wanapewa fulana.

Watu hupenda mzee amalize kwa mawaidha. Sina. Nilifanya kazi yangu vizuri na hakuna mtu aliyekufa kwa mkono wangu, hiyo nachukua. Lakini watu wa mashamba walinihukumu kwa sheria ya shamba, na watu wa kiwanda walinifukuza kwa sheria ya siasa, na mahali penye sheria ya kioo cha maji, ambapo mimi nilikuwa na haki, pamekatwa kwa gesi pakauzwa.

Jioni ile Simiyu alipoondoka, Nanjala alimwaga ile chai nje.

"Meneja alidanganya," akasema. "Mgombea anadanganya mbele ya maiti. Wote wanadanganya wanapata. Wewe mlinzi wa geti ndiye ulikuwa umebaki kuwa mkweli?"

"Ni mtoto wetu, Nanjala. Angeozea pale."

"Na si ataenda tu?"

Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati, ile ya kwanza ya kupandia. Majirani wapangaji walitoka nje na ndoo za kukinga maji, wanaitana, wanacheka. Nanjala akachukua ndoo yetu akaiweka chini ya paa la mwenye nyumba, akarudi ndani akafunga mlango.

"Tutazikwa wapi?" akaniuliza.